Ndege iliyoungua deltani Rufiji, Mfungo Sita: bibi alisema kweli?

BintiKiomboni

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Mama yangu ametimiza miaka 78 na amenipa kazi. Amenunua daftari kubwa, lile la kurasa mia mbili, anataka nimwandikie hadithi zote za bibi kabla hazijamtoka kichwani. Tumefika ukurasa wa kumi na nne na tumekwama, kwa sababu mimi nimeleta ubishi. Nimesema hadithi hii siiandiki mpaka nijue ni ya kweli. Mama amenuna, hajanisemesha vizuri tangu Ijumaa.

Hadithi ni ya mama yake bibi, sisi tunamwita Bi Mkubwa. Wakati huo alikuwa msichana mdogo, hajavunja ungo bado, anaishi na wazazi wake huko deltani upande wa Kiomboni. Ni vita vya Mjerumani. Siku moja asubuhi wakasikia mlio angani. Bibi alikuwa akisema "kama nyuki walioingia mtungini", na hapo lazima aweke kiganja mdomoni autoe mlio wenyewe. Mlio ukakatika ghafla. Baadaye ukapanda moshi mweusi nyuma ya mikoko.

Baba yake Bi Mkubwa akakataza mtu yeyote kwenda kutazama. Miaka ile ukionekana na Mjerumani unabebeshwa mzigo, ukionekana na Mwingereza unabebeshwa mzigo vilevile. Walikaa ndani. Lakini siku ya pili yake mzee akaenda kwenye minazi yake, akarudi amekasirika vibaya. Kuna mtu kaiba madafu. Na si wizi tu uliomkera, ni namna alivyokula. Nazi tano, makumbi yamechunwa kwa kisu kidogo, vipande vipande, kama mtu anayemenya embe. Moja imepondwa kwenye gogo mpaka maji yote yamemwagika. Mzee akasema: "Huyu si mtu wa huku. Hata mtoto wa miaka sita anajua kifuo ni nini." Chini palikuwa na alama za viatu, jozi mbili.

Kisha kuna sehemu ambayo Bi Mkubwa aliiona kwa macho yake. Alikuwa na dada yake kwenye matope, wanatafuta kaa. Ng'ambo ya kijito wakaona wazungu wawili wameshika chelezo cha miti, wanakisukuma majini. Mmoja amemshika mwenzake mkono kama unavyomshika mgonjwa. Watoto wakakimbia. Baada ya siku chache ikaja habari kwamba mzungu mmoja amekamatwa pwani, nusu maiti, na mwenzake maji yameondoka naye.

Alama za wakati ni mbili tu. Bibi alisema ilikuwa Mfungo Sita, siku za Maulidi zenyewe, mwezi umejaa. Na alisema ile manowari ya Mjerumani "ilikwisha kufa zamani", imelala ubavu mtoni.

Mwaka jana kwenye boti ya Nyamisati kwenda Mafia nilimsimulia abiria mmoja. Akacheka, akasema hizo ni ngano, ndege ya Rufiji ni moja tu, ile ya mwaka 1915 iliyokuwa ikiipigia manowari, na rubani wake aliokolewa palepale. Tangu hapo ndiyo nimeingiwa na shaka.

Naomba mwenye kujua. Walikuwako wazungu wawili waliopotea na ndege deltani, mmoja akafa baharini? Ni akina nani?

---

ChumaChaPua

Huyo abiria yuko sahihi. Ile manowari ya Mjerumani, Königsberg, ilimalizwa Julai 11, 1915, ndege ikaangushwa siku hiyohiyo, wawili waliokuwemo wakaokolewa. Bibi alichanganya. Wazee wetu walikuwa wanaongezea chumvi, tuwasamehe tu.

---

MwalimuMstaafu_Utete

ChumaChaPua, punguza haraka. Nimefundisha historia miaka thelathini na moja, na kosa nililolisahihisha mara nyingi kuliko yote ni la mwanafunzi anayejua tukio moja na kudhani ndilo pekee.

Binti, marahaba. Deltani ziliangukia ndege zaidi ya moja, na ndiyo maana watu huzichanganya. Nitakupa tatu, kisha wewe mwenyewe upime ipi inafanana na ya Bi Mkubwa.

Ya kwanza ni ya mwaka 1914. Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, ilikuwa imejificha ndani ya Rufiji na Waingereza hawaioni kwa sababu ya mikoko. Wakamwajiri rubani wa kiraia kutoka Durban, jina lake Cutler, aje na ndege yake ya Curtiss inayotua majini. Kituo kikawa kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia. Safari yake ya kwanza mwezi Novemba alipotea kabisa, hakuwa na dira, akatua kwenye kisiwa cha Okuza, kusini huko, wenzake wakahangaika kumtafuta hadi wakamkuta. Hakukoma. Baadaye mwezi huohuo ndiye aliyeiona manowari kwa mara ya kwanza kutoka angani. Tarehe 10 Desemba injini ikamwangusha mtoni, Wajerumani wakamchukua mateka. Ndege yenyewe wenzake walikuja wakaivuta, wakaondoka nayo. Kwa hiyo: mtu mmoja, hakuna moshi, na Königsberg bado ni nzima. Haifanani.

Ya pili ni hiyo ya ChumaChaPua. Rubani Cull na mwangalizi wake Arnold, Julai 11, 1915, walikuwa juu wakiwaelekeza wapiga mizinga wa meli Severn na Mersey. Ndege ikapigwa. Hata ilipokuwa inashuka waliendelea kutuma ishara za kurekebisha shabaha. Ikatumbukia mtoni, Cull akanasa chini ya maji, Arnold akamchomoa, mashua ya Mersey ikawaokota. Hapo watu ni wawili, sawa, lakini hakuna aliyekaa deltani hata usiku mmoja, na nazi za mzee hakuna aliyezigusa.

Sasa ya tatu. Hii haisimuliwi sana kwa sababu haina manowari ndani yake.

Mwaka ni 1917. Dar es Salaam ilikwishatekwa na Waingereza tangu Septemba 1916, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, amerudi nyuma mpaka Rufiji. Januari 4 yule mwindaji mashuhuri, Selous, aliuawa Beho Beho. Siku mbili baadaye, asubuhi ya Januari 6, ndege ya jeshi la majini iliruka kwenda kuchunguza delta. Rubani alikuwa Luteni Edwin Rowland Moon. Aliyekaa naye kama mwangalizi alikuwa Kamanda Richard Bridgeman, mtoto wa Earl wa Bradford, tayari ana nishani ya DSO kifuani. Injini ikaharibika, wakalazimika kutua kwenye mmoja wa mikono ya mto. Wakaiharibu ndege isiangukie mikononi mwa adui.

Melini ndege ikangojwa, haikurudi.

Siku kadhaa watu hao wawili walizunguka ndani ya mikoko wakikwepa kukamatwa na kutafuta njia ya kuirudia meli. Maelezo ya nishani aliyopewa Moon yanasema hawakuwa na chakula isipokuwa nazi za hapa na pale. Soma tena, binti: nazi. Walitengeneza vyelezo vya kuvukia vijito, kwa sababu kule huwezi kwenda hatua mia mbili bila kukutana na maji. Mwishowe chelezo kikasukumwa nje, baharini. Wakakaa juu yake usiku kucha, na kesho yake jua likawachoma bila kivuli. Bridgeman akafa kwa uchovu na kuungua na jua. Alasiri, Moon akiwa karibu hana fahamu, akarudishwa pwani na kutekwa. Nishani alipewa kwa jinsi alivyopigana kuuokoa uhai wa mwenzake.

Mimi nimekulia Utete, mto huu naujua tangu utotoni, na hadithi hii nilikuwa naijua kutoka upande mmoja tu, wa vitabu. Katika maisha yangu yote sijawahi kusikia habari ya makumbi.

---

Mjukuu_wa_Mpagazi

Samahani, mimi nina swali la ukorofi. Tunawalilia wazungu wawili waliokuja kugombania nchi isiyo yao? Mmoja mtoto wa lodi, mwingine kapewa nishani. Nendeni pale mtaa wa Samora muisome Sanamu ya Askari. Iko pale tangu mwaka 1927, Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Wapagazi wanaitwa miguu na mikono ya jeshi. Inaahidi kwamba hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Jina lipi? Hakuna hata moja lililoandikwa. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na kuhara, wakiwa na mizigo kichwani, na hakuna aliyewatafuta kwa ndege wala kwa mtumbwi.

---

BintiKiomboni

Mjukuu, sijakasirika. Nilijua mtu atauliza, na mama pia aliuliza nilipomsomea jibu la mwalimu.

Kaka yake Bi Mkubwa alichukuliwa kubeba mizigo mwaka huohuo, baada ya mvua kubwa. Hakurudi. Hatujui alifia upande wa Mjerumani au wa Mwingereza, wala alifia wapi. Jina lake tunalo. Amepewa kaka yangu mkubwa, na mtoto wa kaka yangu amempa mwanawe. Kila akizaliwa wa kiume, mama huuliza kwanza kama jina la mjomba limeshapata mtu katika tumbo lile. Kwa hiyo huyo naye yumo daftarini, ukurasa wa tisa, na yeye sikumletea ubishi kwa sababu sikuhitaji ushahidi.

Hawa wawili nimewauliza kwa sababu walikula nazi zetu. Ni wageni wetu, hata kama hawakubisha hodi.

Mwalimu, nimesoma jibu lako mara tatu. Nilipofika kwenye "nazi za hapa na pale" nilicheka peke yangu ndani ya daladala, abiria wakanitazama. Ila bado nina neno moja. Bibi alisisitiza Maulidi na mwezi kujaa. Januari inaingiaje hapo?

---

Nahodha_Kilindoni

Assalaam aleikum jamaani. Mimi si mtu wa kuandika sana lakini hili ni la maji, nitalisema.

Kwanza Maulidi. Mwanangu kaniwekea kwenye simu programu ya kugeuza tarehe. Mfungo Sita wa mwaka 1335 ulianza Desemba 26 au 27, 1916, inategemea mwezi wenu mliuona jioni gani. Hesabu mpaka kumi na mbili. Unafika Januari 6 au 7, 1917. Ndege imeanguka siku ya Maulidi au kesho yake Maulidi. Bibi yako hakukosea hata siku mbili.

Nikaipima na ile ya mwalimu ya Desemba 10, 1914. Siku hiyo ni Mfungo Nne, siku ya ishirini na kitu, mwezi unakwisha. Mtu wa pwani hawezi kuchanganya Mfungo Nne na Maulidi. Ukishakula pilau ya Maulidi unakumbuka ilikuwa lini.

Pili mwezi. Mwezi ulijaa Januari 8. Tena siku hiyo ulipatwa, lakini kwetu ilikuwa asubuhi jua limeshapanda, hakuna aliyeuona. Sasa hapa ndipo palipo na jambo ambalo sijui kama hao walioandika vitabu walilitazama. Mwezi ukijaa maji ni bamvua. Kwenye milango ya Rufiji bamvua si mchezo, maji yanapanda na kushuka mita tatu na zaidi, na kila kijito kinakuwa mto. Kwa pwani yetu hii, siku za mwezi mpevu maji yanajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Yanakupwa mpaka saa nne asubuhi na saa nne usiku.

Chukulia wewe ni mgeni, umejificha mchana kutwa usionekane. Unangoja jua lipungue ndipo uvuke. Unaingiza chelezo majini magharibi. Umeingia wakati maji yameshaanza kukupwa kwa nguvu zote, na yataendelea kukuvuta nje kwa saa tatu nne mbele yako. Huna kasia la maana, huna tanga, mwenzako hana nguvu. Unauona mlango unapita kulia na kushoto, basi, uko baharini. Mimi na mashine ya farasi arobaini sipendi kuutoka mlango wa Simba Uranga saa hizo bila sababu.

Na kurudi kwake ni hivyohivyo. Bridgeman anakufa, Moon yuko juu ya chelezo, maji yanaanza kujaa kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi. Mwezi wa kwanza ni kaskazi, na mchana upepo unaegemea nchi kavu. Maji na upepo vyote vinamsukuma ndani. Mwalimu amesema alirudishwa pwani alasiri. Ndiyo saa yenyewe. Wangevumilia maji mamoja tu wote wawili, wangefika wote.

La tatu ni dogo. Binti anasema chelezo cha miti. Kama walikata mkoko mbichi, ule unazama kama jiwe. Kijana wangu wa kwanza kazini alijaribu kufunga mkoko mbichi uwe boya, nikamwacha aone mwenyewe. Nadhani hao mabwana walijifunza hivyo, kwa kupoteza chelezo cha kwanza. Wakiwa watu wa manowari wanajua bahari ya maji mengi. Hii yetu ya matope ni elimu nyingine.

---

ChumaChaPua

Nahodha umeniweza. Nafuta kauli. Bibi asamehewe na mimi nisamehewe.

---

Mswahili_Southampton

Salamu kutoka ughaibuni. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale, lakini niko huku Southampton mwaka wa kumi na mbili sasa. Nimeuona uzi huu kwa bahati na nimesisimkwa, maana huyo Moon ni mtu wa mji huu.

Alizaliwa hapa mwaka 1886. Kabla ya vita alikuwa anaunda ndege yake mwenyewe, akaiita Moonbeam, yaani mwale wa mwezi, kwa kucheza na jina lake. Aliiundia ndani ya jengo la mawe karibu na bandari linaloitwa Wool House. Jengo hilo ni la zamani sana, lilikuwa ghala la sufu, na wakati wa vita vya Napoleon walifungiwa humo mateka wa Kifaransa. Mimi hupita hapo nikienda kazini. Ndege yake aliijaribu mwaka 1910 kwenye shamba la North Stoneham, nje ya mji. Shamba hilo ndilo leo uwanja wa ndege wa Southampton. Kila nikienda nyumbani kwa likizo naondokea hapo, nabadilisha ndege, mpaka uwanja wa Moi, Mombasa. Sikujua kwamba nakanyaga mahali pa mtu aliyepotea Rufiji.

Alitoka kifungoni salama, akarudi, akaendelea kurusha ndege. Aprili 29, 1920 ndege ya majini aliyokuwamo ilianguka Felixstowe, mashariki mwa Uingereza, akafa. Alikuwa na miaka 33. Ametoka kwenye mamba na mbu na bahari, miaka mitatu baadaye anakufa kwao, wakati wa amani.

Amezikwa makaburi ya zamani ya hapa mjini. Jumapili nilikwenda. Ni makaburi makubwa yenye miti mingi, kama msitu, watu wanatembeza mbwa. Nilikaa kidogo. Sikuwa na la kufanya, kaburi si la Muislamu mwenzangu na mimi si wa ukoo wake, nikasimama tu nikamfikiria yule mzee na makumbi yake.

Dada, una neno lolote ungependa niende nikamwambie? Natania, lakini si sana.

---

BintiKiomboni

Wakuu, nimekaa kimya siku tatu kwa sababu nilikuwa nampelekea mama yote haya kidogo kidogo. Macho yake hayasomi simu, kwa hiyo namsomea mimi jioni baada ya Isha.

Majina alitaka nimtamkie polepole. Moon aliliweza. Bridgeman alilirudia kama mara sita, likawa Birijimani, na sasa ndivyo lilivyoandikwa daftarini, na mabano sikuweka. Nilipomwambia Moon maana yake ni mwezi aliinua mikono, akasema, "Na ulikuwa umejaa." Akanyamaza muda mrefu, nikadhani amesinzia.

Ya nahodha kuhusu maji niliisoma mara mbili kwa amri yake. Aliuliza kama huyo nahodha ni mtoto wa nani, nikamwambia mama, mtandaoni watu hawaulizani hivyo. Akasema kama ni wa Kilindoni atakuwa anajuana na watu wetu. Nahodha, ukiona namba ngeni inakupigia, ujue nimeshindwa kumzuia.

Lililomgusa zaidi ni lile la kwamba wangevumilia maji mamoja tu. Akasema Bi Mkubwa alikuwa na maneno ambayo bibi alikuwa akiyaruka kila akisimulia mbele ya wanaume. Kwamba walipowaona wale wazungu ng'ambo, dada mkubwa alitaka kuwapigia ukelele wasiingie majini wakati ule. Alishafungua mdomo. Bi Mkubwa akamziba kwa mkono wenye matope, kwa sababu baba alikataza wasionekane. Hilo sikuwahi kulisikia maisha yangu yote. Nimeliandika kama alivyolisema, sijaongeza wala sijapunguza. Mama hakutaka tulizungumze zaidi, na mimi sikumlazimisha. Walikuwa watoto, na waliyoyaogopa yalikuja kumchukua kaka yao mwaka uleule.

Ndugu wa Southampton, nimemfikishia mama swali lako. Alicheka kwanza. Kisha akasema huna haja ya kumwambia neno, ila ukienda tena mpelekee nazi. Nikamwambia Uingereza nazi zinauzwa dukani zimeshafuliwa, hazina hata makumbi. Akasema hiyohiyo, ndiyo itakayomfaa, mwenyewe hakujua kufua.

Na kuna sahihisho. Mama anasema nimekosea tangu mwanzo, nazi hazikuwa tano, zilikuwa saba. Tano zilikuwa chini ya mnazi wa kwanza, mbili karibu na kijito. Nirekebishe huku na nirekebishe daftarini. Nimesharekebisha.